Ukiuliza Mahinyila Utapelekwa Darajani

Siku mliyoniaga, kati ya hotuba na keki, Jokha aliniuliza swali ambalo nadhani mlikuwa mmemtuma. Alitaka kujua kwa nini kila mchana, kabla sijafungua hotipoti yangu, nilikuwa naandika anwani ileile kwenye kompyuta, nautazama ukurasa unaofunguka, naufunga, ndipo naenda kula. Nilimwambia ni tabia za uzee. Mkacheka, na mimi nikacheka, tukakata keki. Sasa nimekaa nyumbani mpaka kuku wamenizoea, na naona jibu lile halikuwa la haki. Mmoja wenu atakikalia kiti kile. Nitaeleza tangu mwanzo kwa mwendo wangu, na anayeona nachelewa akachemshe chai arudi.

Niliingia shirika la visima miaka ile ambayo kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi. Hakuna aliyejua kesho ataamkia kwa mwajiri gani. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kusoma kompyuta, kozi ambayo cheti chake kilikuwa kizuri kuliko kozi yenyewe. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya karakana ya mitambo ya kuchimbia, na kufika mlangoni ilibidi upite kwenye vumbi jekundu lililochanganyika na oili chafu. Viatu vile havikuja tena kazini.

Seva ilikuwa kwenye iliyokuwa stoo ya vipuri. Ilikaa juu ya meza ya mbao, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, vile vya kufunikia redio sebuleni. Nilidhani ni utani. Halafu Mzee Ndahani akaingia, akakikunja kile kitambaa taratibu, akakiweka kwenye droo, akaniambia, "Karibu mwanangu. Umeshakunywa chai?"

Nikamwamkia, akaitikia, akaniwekea kiti. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mchoraji ramani wa shirika tangu ujana wake, ametembea uwanda wote huu wa kati na kamba ya kupimia begani, kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa. Kompyuta zilipokuja wakubwa walizikimbia, yeye akakaa nazo. Ndiye aliyejenga tovuti ya shirika: kila kisima na ukurasa wake, mahali kilipo, kina chake, ladha ya maji yake. Miradi ya maji iliisoma, wamisionari waliisoma, na wafugaji wenye uwezo waliwatuma watoto wao wa chuo waisome.

Somo lake la kwanza ndilo nililowapa ninyi nyote, ila sikuwahi kuwaambia nimelitoa wapi. Ukurasa una anwani. Siku moja ukurasa unahama, kwa sababu mipaka ya wilaya imebadilika au bosi mpya ameamka na mpangilio mpya. Lakini ile anwani ya zamani tayari iko kwenye vitabu, kwenye barua, kwenye vichwa vya watu. Msomaji anakuja, anapiga hodi, nyumba haina mtu.

"Utamwacha mlangoni?" Mzee aliniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi unamwekea jirani."

Jirani wa kwanza, alisema, ni yule anayekwambia wenyeji wamesafiri, watarudi, kwa leo waone kule. Huo ni uelekezaji wa muda. Wa pili anakwambia wamehama kabisa, usirudi tena hapa, makazi yao ni kule. Huo ni wa kudumu, na msomaji mwenye akili huuandika kichwani asipoteze nauli tena. Hata kile kivinjari chake, ambacho siku hizo tulikiita brauza tu, kinaweza kukumbuka. Siku nyingine hakitapita kwako kabisa. Kitakwenda moja kwa moja nyumba mpya.

Wa tatu ni jirani mjanja. Huyo hakwambii kitu. Anakushika mkono, anakuzungusha uani, anakuingiza kwa mlango wa nyuma, nawe unaamini umeingia kwa mlango uliogonga. Huko ndiko kuandika upya anwani. Msomaji anaandika jina fupi na zuri la kisima, seva kimyakimya inaligeuza kuwa lile lidude lenye alama za kuuliza na namba, inamletea ukurasa. Juu kwenye kivinjari bado anaona jina lake zuri.

Nilicheka sana siku ile. Ila mpaka leo nikisoma mwongozo wowote wa kazi hii namwona jirani amesimama mlangoni na kanga yake.

Faili la Mzee la kanuni za uelekezaji lilikuwa safi kuliko jiko la mama yangu. Kila mstari ulikuwa na maelezo yake juu, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Kisima hiki kimepelekwa upande wa Chemba baada ya mipaka kubadilika. Msomaji asisumbuliwe." Au, "Jina la zamani lilikuwa tusi kwa lugha ya wenyeji. Tumeomba radhi." Nilikuwa nalisoma wakati wa chai kama wengine wanavyosoma gazeti. Mstari mmoja tu haukuwa na maelezo yoyote. Ulisema anayetaka Mahinyila apelekwe Darajani, moja kwa moja, kwa kudumu.

"Mzee, huu umeusahau."

Alikuwa anakunja kile kitambaa. Hakugeuka.

"Huo uache ulivyo, Roda."

Visima vyote viwili vilikuwa vya kijiji kimoja ng'ambo ya mbuga ya Bahi. Jina la kijiji nitaliacha. Nikaandika Mahinyila kwenye kompyuta yangu, kikaja Darajani: maji ya chumvi kiasi, yanafaa kwa mifugo. Hakuna cha ajabu. Ila kuanzia siku hiyo niligundua kwamba kila mchana, wenzetu wakishatoka kwenda kwa mama ntilie, Mzee Ndahani alikuwa anaketi, anaandika Mahinyila, anangoja Darajani ije, anafunga, anaweka kitambaa juu ya seva, anakwenda kula. Hakuwahi kuruka siku. Kuna siku alikuwa na malaria, mkono unamtetemeka kwenye kibodi, akaandika hivyohivyo.

Nisiwafanye mdhani kazi ilikuwa mizimu mitupu. Kazi ilikuwa umeme kukatika, simu ya kuunganishia mtandao kulia kama mbuzi aliyebanwa, na panya wa stoo kupenda waya wa njano kuliko wa bluu, sababu sikuipata. Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya wakaguzi. Asubuhi waliyokuja kukagua mali za shirika kabla halijauzwa, tovuti yote iligoma. Kila ukiifungua inazunguka tu. Nilihangaika mpaka jasho likaniingia machoni. Kumbe mtu wa makao makuu alikuwa ameongeza kanuni yake: ukurasa wa mbele uende ukurasa mpya, na tayari kanuni yetu ilikuwa inamtoa msomaji ukurasa mpya na kumrudisha wa mbele. Majirani wawili wanarushiana mgeni, huyu anasema nenda kwa yule, yule anasema nenda kwa huyu, na mgeni hana pa kulala. Nilifuta moja, ikatulia. Mkikutana na ukurasa unaozunguka, anzieni hapo kabla hamjalaumu mtandao.

Tukauzwa. Watu wakapunguzwa, na Mzee Ndahani alikuwa wa kwanza, maana mnunuzi hakuona mchoraji ramani ana kazi gani. Nililia siku hiyo waziwazi, sikuona aibu. Alikusanya kalamu zake na rula ndefu, kitambaa akaniachia. Mlangoni akasimama.

"Kila mchana, kabla hujala, piga hodi Mahinyila."

"Kwa nini, Mzee?"

"Ili ujue kama jirani bado yupo."

Nikafanya. Mwanzoni kwa heshima yake, baadaye kwa mazoea.

Meneja mpya alikuwa kijana wa watu, mwenye adabu, shikamoo haimkauki mdomoni. Kitu kimoja tu kilimkera: jambo lisilo na maelezo. Kampuni ilikuwa imepata kazi ya mradi mmoja wa maji uliokuwa unafungua ofisi Bahi. Kule maji mengi yana chumvi, ng'ombe wanakunywa huku wamekunja uso. Mradi ulikuwa umekuta kwenye taarifa ya zamani kwamba Mahinyila ina maji matamu, wakataka kiongezwe kina na kiwekwe pampu. Watu wao wa Dar wakajaribu kufungua ukurasa wake. Kila wakijaribu, Darajani.

Meneja akaja mezani kwangu na karatasi ya malalamiko.

"Mama, hii kanuni ni ya nini?"

"Niliikuta, baba."

"Haina maelezo."

"Haina."

"Basi naomba uitoe. Zakaria anaondoka kesho na mtambo, mradi watamchapia ukurasa wa Mahinyila akifika Bahi."

Zakaria alikuwa kiongozi wa kikosi cha kuchimba, na alikuwa shemeji yangu. Alimwoa mdogo wangu Esta mwaka uleule, mimi ndiye niliyesimama upande wetu siku ya mahari. Mtu wa vicheko, mikono mikubwa, haogopi shimo lolote. Visima vya zamani vya kuchimbwa kwa mkono alikuwa anashuka yeye mwenyewe kwanza kwa kamba, kuangalia kuta, kabla hajamruhusu mtu mwingine. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote na kila mtu alimsifu kwa hilo.

Niliufuta ule mstari. Nikaiwasha seva upya. Nikaandika Mahinyila, na kwa mara ya kwanza ikaja Mahinyila.

Ulikuwa ukurasa mfupi. Mahali kilipo: pameandikwa. Ladha ya maji: tamu. Kina: pameachwa wazi. Chini kulikuwa na picha, ya zamani, imepigwa mchana wa jua kali, vivuli vimejikunja miguuni. Mdomo wa kisima umezungushiwa mawe, kamba imelala pembeni. Kando ya kamba kulikuwa na katambuga jozi tatu, zile ndala za matairi, zimepangwa vizuri kama mlangoni kwa mtu. Hapakuwa na mtu kwenye picha.

Nilikaa nikiitazama. Karakana nje ilikuwa imenyamaza, nadhani walikuwa wanakula. Jua lilikuwa limejaa dirishani, chumba cheupe, na mimi nasikia baridi mikononi. Nikafunga ukurasa. Sikuweza kula siku hiyo, nikajiambia ni maharage.

Kesho yake alfajiri Zakaria alipita nyumbani na lori, mtambo nyuma, juu yake maboksi ya mradi waliyomwomba awabebee. Alipiga honi, akanipungia, akaenda. Mimi badala ya kwenda kazini nikajikuta nimeshika njia ya Nzuguni, kwa Mzee Ndahani. Siku hizo Nzuguni ilikuwa nyumba mojamoja na mashamba ya mtama katikati. Nilimkuta uani na chai yake, miguu imevimba, imewekwa juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi?"

Nikamwambia kwamba kanuni ya Mahinyila imetolewa.

Akaweka kikombe chini. "Nani amekwenda?"

"Zakaria wa Esta."

"Lini?"

"Leo. Sasa hivi."

Sijawahi kumwona mtu mzima akizeeka mbele yangu vile. Akanieleza upesi, bila kupamba. Alipokuwa kijana alipelekwa kupima kisima hicho. Walikuwa wanakiongeza kina. Mchimbaji wa kwanza alishuka, akanyamaza. Wa pili akashuka kumtazama, akanyamaza. Wa tatu alikuwa kaka wa wa pili, walimshika akawaponyoka. Ni hewa, Mzee alisema, hewa mbaya inayokaa chini, haina harufu wala rangi, unavuta mara moja magoti yanakuishia. Hapakuwa na wa kushuka kuwatoa. Kijiji kilikaa pale mpaka jioni, kisha wazee wakaamua. Wakaweka magogo, wakaweka udongo, wakapanda ua wa minyaa kuzunguka. Katambuga wote watatu walikuwa wamezivua asubuhi, na ile picha aliipiga yeye kabla hajaelewa kilichokuwa kinatokea. Alidhani wako kazini.

"Kwa nini hukufuta ukurasa, Mzee? Kwa nini uliuweka tangu mwanzo?"

"Taarifa ilikuwa imeshatoka, jina lipo kwenye vitabu vya serikali. Nikifuta, mtu atauliza aambiwe hakuna. Mtu akiambiwa kitu hakuna, anaanza kukitafuta." Akaomba nimshike mkono asimame, akashindwa, akakaa. "Kule kijijini hawasemi hakuna. Ukiuliza Mahinyila wanakuelekeza Darajani. Wote, mpaka watoto. Hawajawahi kukutana wakakubaliana, nilikaa nao, najua. Unafika Darajani, unapata maji, unarudi kwenu umeridhika. Mimi niliwaiga tu."

Halafu akanishika kifundo cha mkono. "Ukifika usitafute kwa macho yako. Uliza watu. Na popote watakapokuelekeza, nenda."

Simu za mkononi zilikuwepo kwa wachache, na ng'ambo ya Bahi hazikuwa na kazi. Nilipanda gari la kubebea mpunga mpaka Bahi, nimekaa juu ya magunia matupu. Kila kituo dereva alisimama kusalimiana, nami nilitamani kumzaba kofi. Nilikuwa namwona Esta. Nilikuwa naona jozi moja zaidi ya katambuga kando ya ile kamba. Bahi nikamkuta katekista mmoja mwenye pikipiki, nikamwomba kwa machozi, akanichukua bila kuuliza. Lori la mtambo, alisema, lilikuwa limepita zamani.

Tulifika kijijini jua likiwa kichwani. Hakuna upepo. Nyumba za tembe zimejilaza chini ya jua na kivuli hakuna, hata mbwa hawakubweka. Mama mmoja alikuwa anapepeta uwele mbele ya nyumba yake.

"Mbukwa, mama. Kisima cha Mahinyila kiko wapi?"

Akaitikia vizuri. Akainua mkono na ungo bado ameushika. "Mahinyila? Shuka hivi, mpaka darajani, upande wa kushoto."

"Hapana mama. Siulizi cha Darajani. Nauliza Mahinyila, kile cha minyaa."

"Ndiyo, Mahinyila," akasema kwa upole uleule. "Shuka hivi, mpaka darajani, upande wa kushoto."

Nikamwacha. Nikamwendea mzee aliyekuwa anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia kuna mtu wangu, atakufa, tafadhali baba, Mahinyila. Akanitazama machoni, sikuona uongo wala huruma. "Shuka hivi, mpaka darajani, upande wa kushoto." Binti aliyebeba kuni, maneno yaleyale. Mkono uleule. Sauti zao hazikupanda wala kushuka. Nikawapigia kelele. Nikawaita waongo na wauaji, mimi mtoto wa kanisani. Hawakukasirika. Walisimama pale na mikono yao imenyooka, wananisubiri nimalize.

Mkono wangu wa kulia, mbali kidogo nje ya kijiji, niliona duara la kijani. Minyaa, mirefu, imefungana. Miguu ilianza kwenda huko yenyewe. Niseme nilichohisi: nilihisi pamenyamaza kuliko kwingine, na nilitaka sana kwenda kuangalia. Si kwa ajili ya Zakaria. Kuangalia tu. Nikakumbuka mkono wa Mzee kwenye kifundo changu. Nikageuka, nikashuka mpaka darajani, upande wa kushoto, nalia kwa sauti, nikiamini wananiondoa kwa mtu wangu wakati anakufa.

Lori lilikuwa pale. Mtambo umesimamishwa. Zakaria alikuwa amekaa kwenye tairi anakula karanga.

"He! Shemeji? Kuna msiba?"

Nilimpiga. Nilimpiga kwa kanga, kwa mikono, kifuani, begani, mbele ya vijana wake, huku nashindwa kusema. Kisha nikakaa chini kwenye mchanga. Sijawahi kufurahi kumwona mtu kama siku ile, hata wanangu niliowazaa.

Alinionyesha ukurasa aliochapiwa. Darajani, na mahali pa Darajani. "Niliandika Mahinyila kama bosi alivyosema, ikaja hii. Nikasema basi wamebadilisha jina. Tukafika kijijini tukauliza, nao wakatuleta hapahapa."

Jioni, tukirudi na lori, akili yangu ya kazi ikaamka, na nilifurahi kupata kitu cha kuishika. Nikamweleza. Uelekezaji ulikuwa wa kudumu, na wa kudumu hukumbukwa na kivinjari. Mstari umefutwa kwenye seva, lakini kompyuta ya mradi ilishawahi kuambiwa kwamba Mahinyila imehama, kwa hiyo haikuja tena kuuliza kwetu. Ndiyo maana Mzee aliweka wa kudumu, si wa muda. Maelezo haya nimewapa kila kundi lililopita mikononi mwangu, nikiwafundisha tofauti ya aina hizo mbili, na mnayakumbuka. Yanasaidia kwenye usaili.

Zakaria akabadilisha gia.

"Shemeji, kompyuta ile mimi ndiye niliyeibeba kwenye lori. Nimeitoa kwenye boksi leo asubuhi, nailoni bado iko kwenye kioo. Kabla ya Mahinyila hakuna kitu kilichowahi kuandikwa pale."

Msiniambie kuhusu mitambo ya katikati inayohifadhi kurasa. Nilishafikiria. Mradi ulikuwa na dishi lake jipya, mafundi walimaliza kulifunga Zakaria akiwa anawasubiri. Hakuna aliyemtangulia kwenye njia ile.

Jumatatu niliwahi ofisini kuurudisha ule mstari, meneja apende asipende. Kabla ya kuurudisha, kama tunavyofanya siku zote, nikajaribu kwanza hali ilivyo. Nikaandika Mahinyila. Ikaja Darajani. Nikafikiri kuna mtu amenitangulia. Nikafungua faili, nikasoma juu mpaka chini, kanuni moja baada ya nyingine na maelezo yake mazuri ya Mzee. Mstari ule haukuwepo. Nikajaribu kompyuta ya meneja, ya uhasibu, ya mapokezi. Darajani. Picha ya zile katambuga sijaiona tena tangu mchana ule mmoja.

Nikafunga faili. Nilipompelekea Mzee Ndahani habari, hakushangaa. Aliuliza tu, "Umepiga hodi leo?" Nikasema bado. "Basi rudi kabla hujala." Alifariki mvua za mwaka uliofuata, na Zakaria alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Esta na yeye wana wajukuu sasa.

Tangu hapo tumebadilisha seva mara kadhaa, na safari ya mwisho mliijenga ninyi upya tangu msingi, faili la Mzee hamkulihamisha hata herufi. Sikuwazuia. Jokha, wewe ndiye uliyeandika kanuni za sasa, unazijua zote. Zitafute uone kama Mahinyila imo, halafu andika ile anwani.

Kitambaa kipo droo ya chini. Mimi sipo tena hapo mchana, na jirani yule hajawahi kukaa muda mrefu hivi bila kupigiwa hodi. Msianze kula kabla mmoja wenu hajafanya hivyo.